Kijiji Kilichobaki Juu

Siku ya kwanza niliyopangiwa kazi Heptonstall, kijiji cha mlimani huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nilipanda kwa miguu. Basi dogo la asubuhi lilikuwa limeshaondoka, na simu ya ofisini ililia mpaka ikakata. Pale kwenye daraja la zamani la mawe, katika mji wa bondeni wa Hebden Bridge, mama mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa wake akaninyooshea kidole: pita huku, ndiyo njia ya mkato. Njia yenyewe inaitwa Buttress. Ni mteremko mkali uliosakafiwa mawe yaliyopangwa moja moja, ukuta huku na ukuta huku, unapanda moja kwa moja bila kona ya kupumzikia. Ilikuwa Novemba 2018, giza bado halijatoka, na umande wa usiku ulikuwa umeganda juu ya yale mawe ukawa kama kioo. Nilikuwa nimevuka nusu ya safari nilipoteleza. Goti likapiga jiwe, mkoba ukabingirika hadi karibu na nilikotoka.

Nizoee milima nisiizoee? Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Utoto wangu wote nimeteka maji bondeni na kuyapandisha mlimani. Lakini milima yetu ni ya udongo, mguu unazama na kushika. Huku nilikuwa napanda jiwe.

Mzee niliyekuwa nakwenda kumhudumia alikuwa na miaka 87, mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya mawe meusi karibu na kanisa. Kazi yangu ilikuwa kumwosha, kumvalisha, kumpa dawa na chai na uji wake wa shayiri, yote ndani ya nusu saa, halafu kushuka kwa mwingine. (Muda wa kupanda na kushuka haukulipwa. Nimelisema hilo ofisini mara nyingi na nalisema tena hapa, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanaofanya kazi hii wanalijua.) Alinitazama suruali iliyochanika gotini kabla hata hajanisalimu.

"Umepanda Buttress," akasema. "Umepita katikati."

Nikakubali.

"Katikati pamelainishwa na kwato. Siku nyingine pita ukingoni, ushike ukuta."

Kwato za nani, sikuuliza. Nilikuwa natafuta soksi zake.

Watu wa Yorkshire wana neno la mapenzi wanalomwita kila mtu, hata dereva wa basi, hata mgeni wa dakika moja. Yeye aliniita hivyo tangu siku ile, na akataka mimi nimwite kwa jina lake la kwanza, kavu. Ulimi ulikataa. Mtu wa miaka 87 utamwitaje jina kama mtoto uliyesoma naye? Baada ya wiki tukapatana: nitamwita Babu. Na mimi nikamfundisha kwamba nikiingia asubuhi nikasema shikamoo, yeye aseme marahaba. Alilipenda sana lile neno. Alilitamka akivuta ile "ha" ya katikati mpaka likawa refu kama asubuhi yenyewe.

Kitanda chake kilikuwa kimeteremshwa chini, sebuleni, kwa ajili ya magoti. Ghorofani hakupanda tena. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, aliniomba nipande nikafungue mapazia ya chumba cha juu. Kila siku. Nilidhani ni kumbukumbu za mkewe, nikawa nafungua bila neno. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu ya mbao, na ukuta mmoja karibu wote dirisha: vioo vinane vyembamba vimesimama bega kwa bega, vimetenganishwa na vinguzo vya mawe. Juu ya kilima chenye upepo kama ule, mahali ambapo baridi inaingia hata kwenye tundu la ufunguo, nani anajenga ukuta mzima wa dirisha?

Swali hilo nilikaa nalo miezi. Mgeni akifika Heptonstall anaona uzuri kwanza: nyumba zote za jiwe moja, jiwe gumu la mchanga lililogeuka jeusi kwa moshi wa viwanda vya bondeni, barabara moja kuu nyembamba, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zikigawa malisho, na juu zaidi, nyika ya majani magumu na udongo mweusi wa mboji, isiyo na mti hata mmoja. Kijiji kiko kama mita 260 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni unaona bonde la mto Calder limekatika chini yako kama shoka limepita. Wageni hupiga picha. Mimi pia nilizituma nyumbani, dada zangu wakajibu kwamba Wazungu wa zamani walijua kuchagua mahali pa kupunga upepo. Nikaamini hivyo.

Babu ndiye aliyenivua huo ujinga, siku nilipomuuliza habari ya dirisha.

"Mwanga," akasema. "Mfumaji bila mwanga hali."

Kumbe lile halikuwa dirisha la kutazamia nje, lilikuwa la kuvuta mchana ndani. Chumba kile kilikuwa cha kufumia. Kwa miaka mingi kabla ya mashine, kilima hiki kiliishi kwa kitambaa cha sufu. Ardhi ya huku ni chachu na ya baridi, ngano haikubali, shayiri ya uji tu ndiyo inayovumilia, na familia ilikuwa na ekari chache za kuweka ng'ombe mmoja au wawili na farasi wa mizigo. Shamba peke yake lisingewafikisha mwisho wa mwaka. Kwa hiyo nyumba nzima ilifanya kazi ya nguo. Watoto walichana sufu kwa brashi za meno ya waya. Wanawake walisokota uzi, na walihitajika wasokotaji kadhaa kumlisha mfumaji mmoja. Juu, kwenye vioo vinane, baba alitandika mtande (nyuzi za urefu), akapitisha mshindio (uzi wa kukatiza), akapiga, akapitisha tena, mpaka jua linapokataa. Mkojo wa nyumba nzima uliwekwa akiba kwenye mapipa hadi ukolee, kwa sababu ndio uliotoa mafuta kwenye sufu. Babu aliposimulia hilo alinitazama kama nitakunja uso. Sikukunja. Kwetu bibi alitumia majivu kwa mengi. Maskini hatupi kitu.

Kitambaa kikitoka mtandeni kilishushwa kijitoni kupigwa na nyundo za gurudumu la maji ili kikaze, kisha kikarudishwa juu, kikatandazwa malishoni kwenye fremu zenye kulabu ili kikauke bila kusinyaa. Halafu kikapelekwa sokoni. Na soko lilikuwa hapa hapa kijijini. Jengo la soko la nguo bado lipo, lilijengwa kati ya 1545 na 1558. Leo ni makazi ya watu, unaweza kulipita bila kuligeukia. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mwaka 1779, mji wa jirani wa Halifax ulifungua soko lake kubwa la nguo lenye vyumba 315 vinavyozunguka ua mmoja, lakini kilima hiki kilikuwa kimeanza mapema.

Swali langu lilikuwa bado. Sawa, walifuma. Kwa nini wafumie juu huku, wasifumie bondeni kwenye kinga ya upepo?

Nikajibiwa na miguu yangu. Siku za mapumziko nilianza kutembea, kwanza kwa sababu ya upweke, baadaye kwa sababu nilikuwa nimepata kiu ya mahali pale. Ukifuata vijia vya mawe vinavyotoka kijijini kwenda magharibi utaona havishuki. Vinashika mabega ya milima, kijiji hadi kijiji, vinavuka nyika kuelekea jimbo la jirani la Lancashire. Ndizo barabara kuu za zamani. Bonde wakati huo lilikuwa tope na msitu, mto ukihamahama upendavyo, na njia ya kupita chini ilikuwa ya shida. Watu walikaa juu kwa sababu juu ndiko kulikokuwa kukavu, na njia ikapita juu kwa sababu watu walikuwa juu. Misafara ya farasi wenye mizigo, kengele shingoni, ilitoka Halifax ikashuka mpaka mtoni, ikavuka daraja, ikapanda Buttress. Kwato zenyewe ndizo hizo.

Na Hebden Bridge, ule mji ambao leo una maduka na stesheni na watalii, jina lake linakuambia ulikuwa nini: daraja tu. Daraja la mawe la takriban 1510, lililochukua nafasi ya lile la mbao, la kuvukia ukienda Heptonstall. Kijiji kilikuwa juu, chini kilikuwa kivuko.

Nilipolielewa hilo niliona kama nimegeuza nguo na kukuta ndiyo upande wake. Tangu hapo, nikifika mahali popote, naanza kwa kuuliza watu wake wa kwanza walikula nini.

Kilichokigeuza kijiji ni maji. Mtu akifuma kwa mkono na mguu, anaweza kukaa popote penye mwanga. Mashine inataka gurudumu, gurudumu linataka kijito kinachoshuka kwa nguvu, na vijito viko mabondeni. Kwenye korongo lenye miti la Hardcastle Crags, chini ya kijiji, kipo kiwanda kidogo cha pamba kiitwacho Gibson Mill, cha takriban 1800. Nimekwenda pale mara nyingi. Hata leo jengo linajitegemea kwa umeme wake lenyewe. Mwaka 1833 kilikuwa na wafanyakazi 21, na kila mmoja alifanya wastani wa saa 72 kwa wiki. Babu wa babu alikuwa mtu wa kujipangia siku yake, akifuma akichoka analisha ng'ombe. Mjukuu anashuka gizani kwa kengele ya tajiri na kupanda gizani. Kisha ukaja mfereji wa Rochdale, uliokamilika 1804, mashua zikabeba katika siku moja shehena ambayo ingehitaji msururu mrefu wa farasi. Reli ikafika Hebden Bridge mwaka 1840. Makaa ya mawe yakaja, mvuke ukaja. Bei ya kazi ya mkono ikaanguka, mfumaji akafuma zaidi apate kidogo zaidi, mwisho akashuka.

Mji wa bondeni ulijaa mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka nyumba, wakazipandisha moja juu ya nyingine kwenye mteremko: nyumba ya juu inaingiliwa kutoka barabara ya juu, ya chini kutoka barabara ya chini, na hawa wawili wanaweza kuishi miaka bila kukutana mlangoni. Mimi na mume wangu tulipanga ya chini. Ukuta wa nyuma ulikuwa mlima wenyewe. Mwaka mzima ulitoa jasho.

Hebden Bridge ikawa mji wa suruali. Walishona vitambaa vizito vya pamba vya wafanyakazi, pamoja na kile cha mistari ya vinyweleo tunachokiita kodrai. Bibi yake Babu alikuwa mkataji wa kodrai. Kitambaa hutoka kwenye mashine kikiwa na vitanzi vya uzi mstari baada ya mstari. Kinavutwa kwa nguvu juu ya meza ndefu, na mkataji anatembea na kisu chembamba kama sindano kubwa, anakiingiza kwenye mfereji wa vitanzi na kukisukuma hadi mwisho wa meza, anarudi, mstari wa pili, anarudi. Siku nzima anatembea ndani ya chumba. Mkono ukitikisika kidogo, kitambaa kinatoboka na fidia inatoka kwenye mshahara. Babu mwenyewe alifanya kazi kiwandani kwa kupanga na kukata suruali tangu akiwa kijana wa miaka 15 mpaka kiwanda kilipofungwa. Siku moja nilimpelekea kipande cha kodrai nilichokinunua kwenye duka la nguo za mitumba, kumjaribu. Alifumba macho. Akapitisha kidole gumba kwenda, akarudi nacho kinyume. Akaniambia mistari mingapi kwenye upana wa kidole, na kwamba kimefuliwa kwa maji ya moto kupita kiasi. Nikamkumbuka baba yangu, aliyekuwa na suruali moja ya kodrai ya kuendea kanisani kwenye baridi ya Juni, na jinsi alivyotukataza tusiiguse.

Sasa kijiji kilipobaki bila kazi, kilibaki kama kilivyo. Hapo ndipo siri ya uzuri wake. Hakuna aliyekuwa na pesa ya kubomoa na kujenga upya, wala sababu ya kupanua barabara. Tajiri alijenga bondeni. Ule uzuri niliowatumia dada zangu kwenye picha ni umaskini uliosimama mahali pamoja muda mrefu hadi watu wakaanza kuupenda. Nalisema bila kumkosea heshima mtu. Hata kwetu nimeona nyumba za zamani zilizopona kwa sababu mwenyewe hakuwa na uwezo wa bati jipya.

Uwanja wa kanisa ndio mahali nilipopapenda kuliko pote. Makanisa yamo mawili katika ua mmoja. La zamani, la Mtakatifu Thomas Becket, lilianza takriban 1260, na mwaka 1847 dhoruba iliangusha sehemu ya mnara wake. Hawakulikarabati. Walijenga jipya kando yake, likakamilika 1854, na lile la kale wakaliacha wazi, kuta bila paa, majani yakiota mahali pa mimbari. Unapita kati ya nguzo na mvua inakunyeshea. Chini, makaburi hayakusimamishwa mawe kama tulivyozoea, yamelazwa. Ua mzima umesakafiwa mawe ya makaburi, unatembea juu ya majina. Mwanzo nilikuwa naruka ruka nisikanyage mtu, mpaka nikakosa pa kuweka mguu. Nilimuuliza Babu kama si vibaya. Akasema hao wote walikuwa wafumaji, walizoea kubanana.

Mmoja wao ana wageni wengi. David Hartley, waliyemwita Mfalme, aliongoza genge la wakata sarafu wa Cragg Vale, bonde la jirani. Walichukua sarafu za dhahabu, wakakwangua kingo, wakazirudisha sokoni zikiwa nyepesi, na yale makwanguzi wakayayeyusha kutengeneza sarafu mpya, nyingi zikifanana na za Kireno zilizokuwa zikizunguka huku wakati huo. Wafumaji wengi walishirikiana nao, kwa sababu walikuwa wanapitia miaka ya shida. Serikali ilimtuma ofisa wa ushuru, William Dighton, akawafuatilia kwa bidii. Novemba 1769 akauawa Halifax kwa risasi. Hartley alikuwa ameshakamatwa, akanyongwa York tarehe 28 Aprili 1770, akarudishwa kuzikwa hapa juu. Watu huacha sarafu kwenye jiwe lake. Nimeziona zimeota kutu.

Ng'ambo ya kijia, kwenye makaburi mapya, amelala Sylvia Plath, mshairi wa Marekani aliyefariki London Februari 1963 akiwa na miaka 30. Mumewe, Ted Hughes, alikuwa mtoto wa bonde hili, wa Mytholmroyd, na wazazi wake waliishi Heptonstall. Ndiyo sababu akaletwa hapa. Jina la ukoo wa mume limewahi kubanduliwa kwenye jiwe zaidi ya mara moja na watu wenye hasira kwa niaba yake. Wageni wake huacha kalamu. Sarafu upande huu, kalamu upande ule. Nimewaelekeza wasichana wengi kwenye kaburi hilo, wengine wakiwa wanalia kabla hawajafika, na nimewaheshimu. Ila walipita juu ya mawe ya wasokotaji mia bila kutazama chini, na hilo liliniuma kila mara. Mama aliyesokota uzi maisha yake yote na kuzaa watoto tisa naye alikuwa na neno, ila hakuwa na mtu wa kumwachia kalamu.

Lipo kanisa la Wamethodisti lenye pembe nane, la 1764, la wakati wa John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti. Fremu ya paa lake ilitengenezwa mji wa Rotherham ikaletwa kwa wanyama wa mizigo. Hebu ifikirie ile Buttress, na farasi mwenye mbao za paa mgongoni. Na Ijumaa Kuu kunachezwa igizo la kale kwenye uwanja wa wafumaji: Mtakatifu George anapigana, watu wanaanguka, tabibu anakuja anawafufua, umati unashangilia kama hawajui mwisho wake. Nilikwenda mwaka 2019. Nilimsukuma Babu kwenye kiti cha magurudumu, na yale mawe yalimtikisa mpaka meno, naye akawa anasema mistari ya wachezaji kabla yao.

Lakini siku iliyonifundisha kilima ni Jumapili ya tarehe 9 Februari 2020.

Usiku kucha upepo ulikuwa umelia. Nilipanda asubuhi nikiwa nimeinama, nimeshika ukuta kama nilivyofundishwa, na Buttress ilikuwa mto, maji yananijia miguuni kwa nguvu. Nilimkuta Babu macho. Nilikuwa nimeweka birika motoni nikasikia sauti ikipanda kutoka chini, ndefu, inapanda na kushuka, kama ile ya kwenye picha za vita. Ni king'ora cha mafuriko. Wamefunga ving'ora bonde zima. Babu akasema, "Mto unakuja." Nikampigia mume wangu. Alikuwa ameshapandisha godoro juu ya meza.

Nikapanda kwenye chumba cha kufumia. Kupitia vile vioo vinane niliona nyika juu yetu inatiririka: kila mfereji mweupe, kila ukuta unatoa maji chini yake. Ile mboji ikishiba haipokei tena hata tone, na milima ni mikali, kwa hiyo mvua yote iliyonyesha juu hufika bondeni kwa muda mfupi sana. Sikukuu ya siku ya pili ya Krismasi 2015 walikuwa wamepigwa hivyo hivyo, na majirani zetu walikuwa bado wanalipa madeni ya mwaka ule. Nikasimama pale nimeshika kinguzo cha jiwe, nikaelewa kwa tumbo kitu ambacho nilikuwa nimekielewa kwa kichwa tu. Wale wa kwanza hawakukaa juu kwa kupunga upepo. Walikuwa wanaona nilichokuwa naona. Waliwaacha watoto wao juu, wakashuka bondeni kufanya kazi na kupanda tena. Sisi tulishuka tukalala huko, kwa sababu kodi ya bondeni, kwenye nyumba inayotoa jasho, ndiyo tuliyoiweza.

Maji yalifika magotini ndani kwetu. Tulipoteza jokofu, vitanda, na sanduku la kanga za mama nililokuwa nimeliweka chini ya kitanda, mahali salama. Kanga nilizifua mara tano, harufu ya mto haikutoka. Siku ya pili watu tusiowajua walikuja na mifagio na ndoo na sufuria za supu, wakaanza kufagia tope bila kuuliza ya nani. Babu alinipa bahasha. Nilikataa kwa sababu kanuni za kazi zinakataza, naye akakasirika kweli kweli, akasema kanuni haijawahi kulala kwenye tope. Sikuichukua. Nikachukua blanketi la sufu alilolitoa badala yake, maana sikuweza kumkatalia mara mbili.

Mwezi uliofuata korona ikafunga kila kitu, na kwa zaidi ya mwaka nilisema shikamoo kupitia barakoa.

Agosti 2022 nilipata nauli, nikaenda nyumbani. Mama yangu ni mtu wa Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa Usambara kama ndege juu ya tawi. Chini yake ukuta wa mlima umeanguka mpaka nyika ya Mkomazi. Nimekwenda kwa bibi Mtae tangu sijajua kutembea, na sijawahi kuuliza. Safari hii nikamuuliza mama, tumekaa nje, kwa nini wazee walijenga ukingoni kabisa. Alinishangaa. Akanyoosha mkono mmoja nyuma, kwenye migomba na mvua: huku chakula. Akanyoosha mwingine mbele, kwenye nyika kavu: kule pia chakula, mwaka huku kunapokataa. Hapa katikati unaviona vyote, na ukimwona adui anakuja bado ana safari. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini mlango uko mbele ya nyumba. Miaka 38 nilikuwa naye, na ilibidi nifundishwe kuuliza na mzee wa Yorkshire.

Novemba mwaka huo tulikuwa tunahamia Leeds, na ofisi ikanipa dada mmoja aliyetoka Harare nimwonyeshe njia na wateja. Kulikuwa na umande ulioganda. Tulipofika chini ya Buttress nikamwambia asipite katikati, apite ukingoni, ashike ukuta. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwato. Akacheka, halafu alipoona sicheki akashika ukuta.

Alihema njia nzima, na katikati alisimama akauliza, kwa uchungu hasa, ni nani aliyewashauri watu hawa kuweka kijiji huku. Nikamwambia tufike kwanza, tukaingie, nikupandishe ghorofani.

Babu alikuwa na miaka 91, sauti imepungua, lakini alikuwa ameketi tayari. "Shikamoo, Babu," nikasema. Akaniitikia. Kisha akamgeukia mgeni wangu, akanyamaza, akamsubiri na yeye aseme.